Nimezipiga bastola tatu za rimfaya za miaka ya 1860 kwa baruti nyeusi, haya ndo niliyoyaona

Risasi ya kisasa ya .22 Short inaingia kwenye bastola ya Smith & Wesson Model 1 kama vile imezaliwa humo, inateleza hadi mwisho, ukingo unakaa sawa, silinda inazunguka, na hapo ndo watu wanaua chombo kilichodumu zaidi ya miaka 150, kwa sababu kuingia sio kufaa. Nimeanza na hili kabla hata sijasema bastola zenyewe ni zipi maana nimeshaona bawaba iliyopasuka na chemba (tundu la kukaa risasi) iliyovimba kwa ajili ya mtu kuona tu kwamba risasi imeingia basi mambo yako sawa. Hayako sawa. Kama utaacha kusoma hapa, chukua hilo tu, mengine yote ni maelezo.

Haya, bastola ni tatu. Ya kwanza ni hiyo Model 1, toleo la pili, .22 ya risasi saba (hizo namba .22 na .32 ni upana wa risasi kwa inchi), toleo lililotengenezwa kati ya 1860 na 1868. Ya pili ni Sharps ya mitutu minne, nayo .22, kitu kidogo kinachokaa chote kwenye kiganja. Ya tatu ni Smith & Wesson Model 2, ile wanayoiita Army, .32 ya risasi sita, ilitengenezwa 1861 hadi 1874, na wanajeshi wengi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliinunua kwa hela zao japo jeshi halikuigawa rasmi. Pamoja nazo nilijaribu seti ya maganda ya shaba ya njano ya kujaza mwenyewe kwa ajili ya hiyo .32, kwasababu risasi halisi za .32 rimfaya dukani ni za kubahatisha na zile za zamani ni za kuweka kwenye kabati la kioo, sio za kupiga. Kwa jumla nimepiga kama 160 hivi, kwa siku tofauti, uwanja ule ule wa shabaha, na kila risasi nimeijaza kwa mkono wangu.

Kwa wale ambao hawajaizoea rimfaya, ni hivi: risasi ya kawaida kubwa ina fataki yake katikati ya kitako, ukishapiga unaing'oa unaweka nyingine. Rimfaya haina hiyo. Fataki yake ni dawa iliyopakwa ndani ya ukingo wa ganda, nyundo ya bastola inaupiga ukingo unabonyea na dawa inawaka. Ni ganda jepesi, rahisi kutengeneza kiwandani, ila ukishalipiga limekwisha, ukingo umebonyea na dawa imeisha. Ndo maana kujaza rimfaya ni kazi ya watu wenye subira na watu wengi hawajawahi hata kufikiria kwamba inawezekana.

Wazo lilianzia Ufaransa, fundi wa silaha Flobert mwaka 1845 alichukua fataki akaiwekea kijirisasi mbele, bila baruti kabisa, kwa ajili ya kulenga shabaha ndani ya nyumba. Horace Smith na Daniel Wesson wakalirefusha ganda wakatia baruti nyeusi greni 4 nyuma ya risasi ya greni 29, na mwaka 1857 wakaitoa pamoja na Model 1 ya kwanza. Greni ni kipimo cha uzito cha zamani, moja ni kama gramu 0.065, kwahiyo greni 4 ni robo gramu tu, kitu cha kushika kwenye ncha ya kisu. Hiyo ndo .22 Short, na bado inatengenezwa mpaka leo, umbo lile lile, jina lile lile. Ndani sasa ndo kuna tofauti. Ya leo ina baruti ya kisasa isiyotoa moshi, nyingine zinaondoka zaidi ya mita 300 kwa sekunde kwenye bunduki ndefu, na msukumo unaopiga ile chemba sio ule ambao fundi wa 1860 aliukadiria. Chuma cha wakati ule ni laini ukilinganisha na chuma cha leo, na Model 1 toleo la pili fremu yake sio chuma hata, ni shaba ya njano iliyopakwa fedha! Mtutu wake unafunguka kwenda juu kwa bawaba ndogo iliyopo mbele ya silinda, na chini unashikwa na kilimi kidogo tu. Hakuna mshipa wa chuma mnene unaobeba mzigo hapo. Unapoipiga na risasi ya kisasa kila pigo linavuta ile bawaba, leo haitavunjika, kesho haitavunjika, siku moja utaona mtutu unacheza ukishika na hapo hakuna dawa.

Kwahiyo baruti nyeusi. Ile ya shura, mkaa na kiberiti, ileile ya gobore. Sio kwa ajili ya mapenzi ya kizamani tu, ingawa kusema kweli moshi wake naupenda, ni kwasababu ndo chakula kilichopimwa kwa tumbo hili. Na nasema ya kiwandani, iliyochambuliwa ukubwa wa punje, usije ukajaribu kutengeneza yako. Na usije ukapunguza baruti ya kisasa ukasema utaweka kidogo tu, hiyo haifanyi kazi hivo, baruti ya kisasa kidogo ndani ya ganda kidogo inabadilisha msukumo kwa namna ambayo huwezi kuikadiria kwa macho.

Kabla ya kupiga hata moja, zote tatu zilienda kwa fundi wa silaha anayezijua za zamani. Alizitoa zote vipande vipande, akaangalia chemba moja moja kwa lenzi kutafuta ufa, akapima kama silinda inasimama sawasawa mbele ya mtutu, akashika mitutu akaitikisa. Kwenye Model 1 kuna kitu cha kuangalia ambacho wengi hawakijui: kile kinachoizuia silinda isizunguke ovyo kipo juu, kwenye mshipa wa juu ya silinda, na kinanyanyuliwa na nyundo yenyewe ukiivuta. Kikilegea silinda inasimama pembeni kidogo, na risasi inakwaruza mdomo wa mtutu inapoingia, vipande vya risasi vinaruka kando. Yangu ilikuwa sawa. Ya .32 ilikuwa na mchezo mdogo, fundi akasema inavumilika kwa baruti nyeusi na mzigo mdogo, na akanikataza kabisa kufika mzigo kamili. Nimemtii.

Risasi za kwanza tano za kila bastola sikuzishika mkononi. Nilibana kwenye jiliwa lenye vipande vya ngozi, nikafunga kamba kwenye kifyatulio, nikakaa nyuma ya viroba vya mchanga nikavuta. Kuna watu wataona ni woga, mi naona ni adabu kwa kitu cha zamani ambacho hujui kimepitia mikono ya nani. Baada ya kila mlio nikatoa ganda nikaliangalia: limevimba? Lina ufa? Ukingo umesukumwa nyuma? Ganda linakwambia yote kuhusu msukumo kama utakuwa na subira ya kulisoma. Watengenezaji wenyewe walihangaika na hilo hilo, maganda yao ya kwanza ya shaba nyekundu yalikuwa laini mno yanavimba kwa nyuma na kuikwamisha silinda, mpaka toleo la kwanza la Model 1 wakaliwekea bamba la nyuma linalozunguka pamoja na silinda ili kupunguza hiyo shida. Maganda ya leo ya shaba ya njano ni magumu zaidi, hapo sisi tumebahatika kuliko wao.

Sasa kujaza. Kwa zile za .22 nilichukua risasi mpya za Short, nikaichomoa ile ncha ya risasi polepole kwa kibano, kuivuta na kuizungusha kidogo kidogo, sikutumia ile nyundo ya kugongea inayochomoa risasi kwa mtikisiko, kwasababu fataki ipo ukingoni na kugonga ni kugonga. Baruti ya kisasa nikaimwaga na kuitupa. Ndani ya ganda ikabaki dawa ya fataki tu, halafu nikaweka baruti nyeusi ya punje ndogo kwa kijiko nilichotengeneza kwa ganda kuukuu lililokatwa, nikaibana kidogo kwa kijiti cha mbao, kisha risasi ikarudi juu. Risasi ya .22 ni ya kisigino, yaani mwili wake una upana sawa na ganda na kitako tu ndo chembamba kinachoingia ndani, kwahiyo mafuta yanakaa nje, unapaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya kondoo. Kitu cha muhimu hapa ni nafasi tupu: baruti nyeusi haitaki hewa kati yake na risasi. Nilipojaribu mzigo mdogo wa greni 2 na nusu nilijazia juu yake unga wa mahindi mpaka ganda likajaa, risasi ikakaa inaubana. Inakula muda jamani. Risasi hamsini ni jioni nzima, na mgongo unauma.

Matokeo ya Model 1 kwanza, maana ndo iliyonishika moyo. Kwa greni 2 na nusu kasi ilikuwa ndogo mno, risasi nyingine zilikuwa zinaonekana kwa macho zikienda, na mbili zilipiga karatasi kiubavu, ishara kwamba mifuo ya ndani ya mtutu haikuzishika vizuri. Kwa greni 3 ikatulia. Kwa greni 4, ule mzigo wa asili, kifaa cha kupima kasi kilisoma kati ya mita 165 na 185 kwa sekunde, wastani kama 175, na kwa risasi ya gramu 1.9 hiyo ni kama jouli 29 tu. Ni kidogo sana, .22 ndefu ya leo kutoka kwenye bunduki ni karibu mara tano ya hapo. Lakini kwa mita 7, mkono umeegemea kiroba, saba zote zikakaa ndani ya duara la sentimita 9, na hii ni bastola yenye mtutu wa milimita 81 na kilenga cha nyuma ambacho ni kijikato kilichochongwa juu ya kile kizuizi cha silinda nilichokisema! Yaani kilenga kinapanda na kushuka ukivuta nyundo. Sikutegemea kabisa. Inapiga juu kidogo ya unapolenga, kama kiganja kimoja, ukishajua hilo unashusha.

Mlio wake sio ule mkali wa risasi ya kisasa unaopasua sikio, ni mzito mfupi, alafu wingu jeupe linajitandaza mbele yako na harufu ya kiberiti, kama hakuna upepo unasubiri ndo uone karatasi. Mkono hausikii kitu. Kifyatulio hakina kizingo cha kukilinda, kipo ndani ya kijifuko cha fremu kinachochomoza, na ni kilaini. Hapo uangalifu: hakuna kitu cha kuzuia kidole zaidi ya akili yako, na nyundo ikiwa imeshuka inakaa juu ya ukingo wa risasi, kwahiyo ukiiangusha ikiwa imejaa inaweza kulia. Mimi nilikuwa naacha chemba moja tupu chini ya nyundo hata pale uwanjani.

Shida yake ni masizi. Hapa nakaa kidogo maana naona wanaoandika kuhusu hizi bastola wanapita haraka. Baruti nyeusi ikiungua zaidi ya nusu yake haiwi gesi, inabaki kitu kigumu, moshi na masizi, na yale masizi yanaganda kwenye uso wa silinda, kwenye pengo la mbele, kwenye kijiti cha katikati inapozungukia. Kwenye Model 1 pengo ni jembamba sana. Saba za kwanza laini. Saba za pili unaanza kusikia uzito kwenye kidole gumba. Ya kumi na tano au kumi na sita, silinda inakataa, unavuta nyundo inafika nusu inagoma. Usiilazimishe! Ule mkono mdogo unaoisukuma silinda ni mwembamba na kupata mwingine ni kutengenezesha. Nilijaribu siku moja bila nta ya nyuki, kwa mafuta ya kawaida ya mashine, ikagoma ya tisa, na masizi yalikuwa magumu kama lami. Kwa nta na mafuta ya kondoo yanabaki laini, unafuta kwa kitambaa chenye maji. Kwahiyo utaratibu wangu ukawa: piga saba, fungua kilimi, nyanyua mtutu, toa silinda, sukuma maganda kwa kile kijiti kilichopo chini ya mtutu ambacho ndo kazi yake, futa uso wa silinda kwa kitambaa kibichi kisha kikavu, paka nta kidogo katikati, rudisha. Dakika mbili. Ukifanya hivo inapiga mchana kutwa.

Sharps sasa. Hii ni akili ya aina nyingine kabisa na lazima niseme kwanini. Mvumbuzi Mmarekani, Rollin White, alipata hataza yake (haki ya kumiliki wazo) Aprili 1855 ya silinda iliyotobolewa moja kwa moja mpaka nyuma ili risasi iingilie huko, Smith na Wesson wakaingia naye mkataba wa kumlipa senti 25 kwa kila bastola, na mpaka 1869 hakuna mwingine Marekani aliyeruhusiwa kuunda bastola ya silinda ya namna hiyo bila ruhusa. Mkataba huo huo ulimwachia White mwenyewe gharama za kuwashtaki wezi wa wazo, na kesi zikamla hela. Christian Sharps hakuhitaji silinda. Aliweka mitutu minne kwenye kipande kimoja cha chuma, imetulia, haizunguki, kinachozunguka ni kijipini cha kugongea kilichopo kwenye nyundo, kila ukivuta kinahama robo kwenda kwenye mtutu unaofuata. Hataza yake ni ya 1859. Unabonyeza kitufe, kipande chote cha mitutu kinateleza mbele, unaweka risasi nne, unakirudisha.

Na unajua nini, hii ndo iliyonifundisha kitu. Masizi hayaigusi! Hakuna pengo la silinda, hakuna kitu kinachozungukia kwenye uchafu, kijipini kipo nyuma mbali na moshi. Nilipiga arobaini mfululizo bila kufuta chochote na ile ya arobaini ilivutika sawa na ya kwanza. Kwa mtu anayetaka kupiga baruti nyeusi bila kusimama kila dakika, kwa upande huu Sharps inaiacha mbali Model 1, na sijawahi kusikia mtu akiisifia kwa hilo.

Ila shabaha, hapana. Kila mtutu una mawazo yake. Wa juu kushoto unapiga chini, wa chini kulia unapiga juu na pembeni, na kwa mita 5 tu matundu manne yalikuwa yametawanyika kama sentimita 20. Mtutu mmoja peke yake, nikiupiga mara tano mfululizo kwa kuzungusha mpaka unarudi, unakusanya vizuri tu, sentimita 6 hivi. Kwahiyo mitutu ni mizuri, tatizo haiangalii sehemu moja. Kasi ilikuwa chini ya Model 1 kwa mzigo ule ule, mita 150 na kitu, mtutu ni mfupi na baruti nyingine inaungulia nje, usiku ingeonekana moto. Na maganda yananata. Yangu haina cha kuyatolea, unayachokoa kwa ukucha au kijiti, na mtutu mmoja una vishimo vya kutu ndani ya chemba, ganda likipanuka linashika kwenye hivyo vishimo. Fataki za zamani zilikuwa na chumvi zilizokula chuma na naamini vishimo vile ni kazi yake, mtu alipiga akaiweka bila kuosha miaka mingi sana kabla mimi sijazaliwa.

Tukija kwenye .32. Bastola yenyewe ni nzuri kushika kuliko zote, fremu ya chuma, mkono wa mtu mzima unaenea. Bawaba ipo juu vilevile lakini nene. Mzigo wa asili wa .32 ndefu ni risasi ya greni 90 na baruti kama greni 13, mi sikukaribia huko kwasababu ya fundi na kwasababu ya maganda yenyewe.

Maganda haya ni ya kukerezwa, shaba nene, na kwenye kitako kuna tundu lililotobolewa pembeni badala ya katikati. Unaweka humo kijiganda kidogo cha .22 cha mlio, kisicho na risasi, ukingo wake ndo unakuwa pale nyundo inapopiga. Ukishapiga unakisukuma nje unaweka kingine, ganda kubwa linabaki. Wazo zuri sana, na bila hilo hii bastola ingebaki pambo. Ukerezaji ni safi, yote sita yaliingia kwenye chemba bila kusukumwa na baada ya kupiga kila moja mara kumi hakuna lililovimba wala kupasuka. Hapo nampongeza aliyetengeneza.

Lakini. Kwanza kwa vile kuta ni nene nafasi ndani ni ndogo, greni 6 ndo mwisho wake, basi. Kwa risasi ya greni 80 nilipata mita 140 hadi 150 kwa sekunde. Inatosha kwa karatasi, na kwa bastola hii naona ni heri hivo. Pili, kile kijiganda cha mlio chenyewe kina nguvu yake, na baadhi vina baruti ya kisasa ndani, kwahiyo ni lazima uchague aina dhaifu kabisa na uihesabu kwenye mzigo. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na seti haikusema neno hata moja kuhusu hilo!! Hii imenikera kwelikweli, sio jambo dogo, mtu mgeni anaweza kuchukua vile vikali vya kupigilia misumari ya zege akaona rangi tu zimetofautiana. Niliwaandikia waliouza, wakajibu kwamba mnunuzi anatakiwa kujua. Hapana, ukiuza kitu kinachokaa sentimita 30 kutoka usoni kwa mtu, andika.

Tatu ni mwelekeo. Kwa vile fataki ipo pembeni, kila ganda lazima liingie kwenye chemba likiangalia juu, pale nyundo itakapopiga. Wameweka alama ndogo ya mkwaruzo. Baada ya kupiga mara mbili alama imejaa masizi huioni, na mbaya zaidi maganda yanazunguka yenyewe kwa mtikisiko wa risasi za jirani. Kwenye sita za kwanza nne zililia, mbili zikatoa tik. Tik na baruti nyeusi unajua, huondoi bastola, unaielekeza kwenye shabaha unahesabu mpaka sitini kwasababu inaweza kuwa imechelewa tu. Baadae nikachimba alama upya kwa tupa na kupaka rangi nyekundu, na nikaweka tone la nta ukingoni kulishika ganda lisizunguke, na toka hapo kwenye thelathini nilipata tik mbili tu. Dawa ipo basi, ila ilipaswa kutoka kwao.

Shabaha ya .32 kwa mita 10 ilikuwa sentimita 12, sita kwenye karatasi, na karatasi inatoboka vizuri duara safi. Masizi yanaikwamisha silinda kama ya dada yake mdogo lakini taratibu zaidi, mara tatu za kujaza ndo unahisi.

Kuhusu kile kifaa cha kupima kasi, kama utatumia, kiweke mita 3 mbele au zaidi. Nilikiweka karibu mwanzoni kikawa kinasoma punje za baruti zisizoungua zinazotangulia na moshi, kikanipa mita 400 kwa sekunde kwenye Model 1, nikashtuka nikasimamisha kila kitu kumbe ni takataka tu.

Kuosha ni jioni ile ile, sio kesho. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu wa hewa na asubuhi unakuta rangi ya chungwa. Maji ya moto na sabuni, brashi mtutu na chemba, suuza kwa maji ya moto zaidi ili chuma kikauke chenyewe, kausha, mafuta mepesi. Vibao vya mpini vitoe kwanza, ni mbao ya zamani haitaki kulowa. Na ile fedha iliyobaki kwenye fremu ya Model 1 usiisugue kwa dawa yoyote ya kung'arisha, ukiisugua imeondoka na thamani imeondoka nayo. Miwani na vizuia sauti masikioni kila wakati, hata kama mlio ni mpole, maana cheche na vipande vya risasi vinatoka pembeni ya silinda, na mtu wa kusimama ubavuni kwako asiwepo. Na kabla ya yote hakikisha kwa mamlaka ya silaha unapoishi, kuna sehemu bastola ya zamani inahesabika pambo na ukishaijazia risasi inahesabika silaha.

Kwa nyota: Model 1 naipa tano, ningeipa hata kama ingekuwa inapiga vibaya lakini haipigi vibaya. Model 2 nne. Sharps tatu kwa shabaha na tano kwa ubunifu, na kama nia yako ni kumwonesha mtu mgeni jinsi baruti nyeusi inavyofanya kazi, mpe hiyo Sharps kwanza kwasababu haitamkwamia. Seti ya maganda tatu, na itabaki tatu mpaka wabadilishe ile karatasi.

Ile chemba ya Sharps yenye vishimo nimeacha kuipiga, nabakiza mitutu mitatu. Fundi anasema anaweza kuilainisha kwa kuipitishia kitu chembamba ndani bila kuipanua, nimemwambia asubiri kwanza, nataka nijue kama maganda laini ya shaba nyekundu ya zamani yangeshika vilevile, kuna mtu kaniahidi machache matupu yaliyokwishapigwa, na nitayapima upana nikiyapata.